Niliona Wivu kwa Neno la Kiingereza, Nikamharibia Mume Wangu Kazi

Nina miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili. Nimeishia darasa la saba, tena nilisoma huku nikivuna pamba ya baba. Naishi Bweri, hapa Musoma. Haya ninayowaandikia sijamwambia hata mchungaji wangu, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu...

Mume wangu, Magesa, ni dereva. Dereva kwelikweli! Miaka yote ameendesha magari ya watu, na hamu yake ilikuwa moja tu, kuwapeleka watalii mbugani. Kampuni moja kule Bunda ilishamkataa mara ya kwanza kwa sababu ya Kiingereza. Wakamwambia akajinoe, watamwita tena.

Ndipo akampata Madam Wankyo, mwalimu wa sekondari, mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kila siku saa kumi jioni Magesa alikwenda barazani kwake na daftari.

Yule madam alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alimpa neno moja tu, “get”, akamwambia likimkaa vizuri mdomoni hatababaika mbele ya mgeni yeyote. Wiki mbili nzima, neno moja! Neno gani hilo lisiloisha?

Magesa akawa anarudi amechangamka kama katoka harusini. Get up, amka. Get in, ingia kwenye gari. Get out, shuka. Ukipokea barua ni hilohilo, ukiugua, ukielewa, ukifika nyumbani, ukiolewa... hilohilo! Anakula ugali na dagaa huku anacheka peke yake.

“Mama Nyamisi, hili neno halichaguagi kazi! Linafanyaga kila kibarua!” ananiambia.

Mimi nicheke? Thubutu! Nilichosikia ni hapo pa kuolewa tu. Kwa nini mjane na mume wa mtu wafundishane habari za kuolewa?

Siku moja nikajifanya naenda kuomba chumvi. Nikasimama nje ya ua, nikachungulia. Walikuwa wamekaa mbalimbali, meza katikati, kila mpita njia anawaona. Magesa akakosea, madam akamrekebisha, wakacheka wote wawili mpaka mume wangu akajifuta machozi.

Jamani! Miaka kumi ya ndoa sijawahi kumchekesha hivyo. Ningewakuta wamekumbatiana ningejua la kufanya. Kicheko utakishtaki wapi?

Nilipomvaa nyumbani, Magesa alishangaa, akaniambia na mimi niende nikajifunze, madam hatakataa. Nikaona ananitukana kwa darasa langu la saba. Kesho yake nikafungasha nguo, nikachukua watoto, nikaenda kwetu Butiama. Nikamwambia baba kwamba mume wangu ana mwanamke. Nililia vizuri mno, hata mimi mwenyewe nikakaribia kuamini.

Kwetu mke akirudi kwao, simu ya kuomba radhi haisaidii. Mume anakuja mwenyewe na wazee wake, siku aliyopangiwa na mkwe. Asipotokea amemdharau baba wa mke, na hapo mazungumzo ya kurudisha ng'ombe wa mahari yanaanza.

“Tuwaite lini, Alhamisi ama Jumamosi?” baba akaniuliza.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo roho inaponiuma. Bunda walikuwa wameshamwita Magesa kwenye usaili. Alhamisi hiyohiyo, saa tatu asubuhi! Nilijua. Shati lake jeupe nililipiga pasi kwa mikono yangu kabla hatujagombana. Lakini nilitaka kuona atachagua nini, mimi au Kiingereza chake.

“Alhamisi,” nikajibu.

Siku ilipofika, saa nne Magesa akaingia uani kwa baba na wajomba zake wawili. Alikuwa amevaa lile shati. Moyo wangu ukaruka kwa furaha... amenichagua! Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Baba alipomtaka ajieleze, hakunitukana wala hakupandisha sauti.

“Baba, huyo mwanamke hayupo. Mimi nilikuwaga nasoma tu, barazani, watu wote wanaonaga. Leo nilitakiwa niwe Bunda kwenye usaili. Niliwaomba wasogeze siku, wakakataa. Nikaona mke kwanza.”

Baba akanigeukia taratibu. “Mwanangu, hii Alhamisi ulikuwaga unaijua?”

Nikaitika kwa kichwa. Mama akajifunika uso kwa kanga. Baba, mtu ambaye hajawahi kutozwa faini na mkwe yeyote, akaenda zizini, akatoa mbuzi kuwapa wazee wa Magesa kwa kosa la binti yake. Nilitamani ardhi ipasuke!

Kazi ikaenda kwa dereva mwingine. Magesa alinirudisha Bweri, hajanifokea hata siku moja. Heri angefoka! Nilikwenda kumpigia magoti Madam Wankyo, akanisamehe, akasema nimrudishe mwanafunzi wake. Nilipomwambia Magesa, alinijibu, “Niache, Mama Nyamisi. Nimeshachoka.”

Siku hizi saa kumi jioni yuko nyumbani, kama nilivyotaka. Anakaa, anakula, analala. Na wivu je, umeisha? Wapi! Sasa namwonea wivu mke wa yule dereva aliyepewa nafasi. Nikikutana naye sokoni akisimulia safari za mumewe, nageuza njia.

Dada zangu, nawasihi. Ukiona wivu, uliza. Kaa naye, lia mbele yake, gombana naye ikibidi. Lakini usimtege mumeo achague kati yako na kitu anachokipenda. Anaweza kukuchagua wewe kweli, kama wangu alivyofanya, nawe ukabaki naye ndani ya nyumba, kila siku unamtazama, na huna pa kumlalamikia.