Kucha za Karanga

Habari hii nilisimuliwa na mwanangu Consolatha, likizo ya Juni iliyopita, alipokuja kunisalimu Ulyankulu. Tulikaa barazani tunapukuchua mahindi, na kila nilipotaka kuinuka kuangalia chungu alinishika kanga, "Kaa kwanza mama, bado sijafika mwisho." Basi nikakaa. Maharage yaliungua kidogo, lakini sijutii.

Karanga ni mbwa mdogo. Zamani alikuwa wa marehemu mzee wangu, na mzee ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu rangi yake ni ya karanga zilizokaangwa. Siku zile walikwenda shamba pamoja na kurudi pamoja. Jioni nilisikia kwanza kucha za Karanga barazani, tik tik tik, halafu viatu vya mzee. Nikisikia tu hizo kucha, nasonga ugali. Saa yangu ilikuwa hiyo.

Mzee alipofariki, Karanga alilala mlangoni akitazama njia, hali wala hanywi. Consolatha akaniambia, "Mama, mpe Stela akae naye mjini. Watoto watamchangamsha." Nikampa, nikakaa siku nyingi bila kujua saa ya kusonga ugali.

Stela ni binti wa kwanza wa Consolatha, yuko darasa la tano. Wanaishi Tabora mjini, kwenye nyumba yenye uwanja wa mchanga laini na geti la bati. Asubuhi Stela hufagia uwanja, huosha vyombo vya jana, kisha hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaangalia kucha zake, maana shuleni mwalimu wa zamu hupita mstarini na kukagua. Karanga alikuwa anakaa mbele yake kila siku, kichwa kimeinama upande, kama mwanafunzi anayengoja zamu yake.

Lakini kucha za Karanga hakuna aliyezikagua. Huku kijijini zilijisaga zenyewe kwenye mawe ya njiani, na akichimba panya shambani. Mjini geti linafungwa na mchanga ni laini. Zikarefuka, zikapinda. Ule wa pembeni, unaokaa juu kidogo mguuni bila kugusa ardhi, ulijikunja kama ndoana, ncha yake ikaanza kuelekea kwenye nyama.

Jumatatu moja Stela alirudi kutoka shuleni, na Karanga akaruka huku na huku kwa furaha. Mdogo wake Stela, Justini, ambaye wakati huo alikuwa anatambaa, alikuwa pale pale mchangani. Ukucha ukamchora shavu, chini kidogo ya jicho.

Baba yake, Nsengiyumva, ni fundi baiskeli. Si mtu wa maneno mengi. Alimwinua mtoto, akamfuta damu, akamtazama Stela.

"Ingekuwa jicho je?"

"Hakukusudia, baba."

"Najua hakukusudia. Ukucha hauna macho. Jumamosi nakwenda Puge kwa Limbu. Kama mbwa huyu bado ana kucha hizi, nakwenda naye. Akalinde mbuzi."

Stela aliwahi kufika kwa Limbu, mfugaji wa mbuzi. Mbwa wa kule ni majibwa ya kupambana na fisi, na yanagombania chakula mpaka yanatoana damu. Karanga akisimama kati yao anafika magotini. Tena ni mbwa wa babu.

"Nitamkata mimi, baba," alisema.

"Haya."

Kesho yake, mama yake alipokwenda sokoni na Justini mgongoni, Stela alimwita Majidi. Majidi ni mjukuu wa Bibi Zuwena, jirani yao, na wanasoma darasa moja. Walimfunika Karanga kwa gunia, Majidi akamlalia, Stela akavuta mguu wa mbele wa kulia na kuukaza mkononi. Karanga alipiga mateke, akalia kama mtoto.

"Kata bwana, ananiponyoka!" Majidi alipiga kelele.

Stela akafumba macho, akabana mkasi. Damu ikaruka. Alikuwa amekata mpaka penye nyama, maana ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama laini, na kwenye ukucha mweusi haionekani. Karanga akachomoka kwenye gunia, akaingia nyuma ya magunia ya mkaa, akagoma kutoka.

Majidi alijipangusa mchanga, akaondoka bila kuaga. Mama aliporudi alikuta matone ya damu yametapakaa uwanjani.

"Amefanya nini huyu?"

"Amekanyaga chupa, mama."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Mama akamvuta Karanga taratibu, akabandika unga wa sembe kwenye kidonda mpaka damu ikakatika, akafunga kitambaa. Stela akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Baba alirudi jioni, akasikia habari ya chupa. Hakuvua hata shati la kazi. Alipiga magoti uwanjani, akaanza kuchambua mchanga kwa vidole, kiganja kwa kiganja, tangu getini.

"Baba, pumzika kwanza," Stela alisema.

"Mdogo wako anatambaa hapa. Chupa ikivunjika haiwi kipande kimoja."

Stela alimtazama. Baba alikuwa amepinda mgongo kutwa nzima juu ya baiskeli za watu, na sasa ameupinda tena kutafuta kitu ambacho hakipo. Alipofika karibu na mlango wa jiko, Stela hakuweza tena.

"Baba, hakuna chupa. Nilimkata mimi. Nilimshika kwa nguvu nikamkata vibaya."

Baba alikaa juu ya visigino vyake. Alipangusa mikono, mmoja kwa mwingine, kwa muda.

"Umenifanya nichambue uwanja mzima kama mchele," alisema. Hakugomba. Afadhali angegomba. "Basi. Ila Jumamosi ni ile ile."

Siku iliyofuata Stela alipotoka shuleni alipita kwa Bibi Zuwena kurudisha ungo. Bibi Zuwena ni mtu mzima sana, mzaliwa wa pale pale Tabora, na marehemu mumewe alikuwa fundi viatu. Alimkuta kwenye mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Majidi kaniambia mmechinja mbwa."

"Hatukumchinja, bibi!" Stela akaanza kulia. Akaeleza yote: shavu la Justini, gunia, chupa isiyokuwepo, Limbu na majibwa yake. "Sasa hata nikimsogelea anakimbia. Bibi, njoo unishikie."

"Mimi? Mbwa simgusi mie, nina udhu wangu na Alasiri hiyo inaingia. Lakini mguu naujua. Vua kiatu, lete mguu."

"Mguu wa Karanga?"

"Wako."

Stela akakaa, akanyoosha mguu. Bibi aliuweka mapajani, akaushika kwa chini, kama mtu anayepokea yai. Stela akacheka, akauvuta. Bibi akamwachia auvute. Stela akaurudisha mwenyewe. Bibi akaushika tena vile vile.

"Unaona njia hii inayopita nyuma ya nyumba?" bibi alianza. "Ndiyo njia ya misafara, watu wakitoka pwani kwenda Ujiji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo wapagazi walipokuwa bado wanapita. Ameniambia hayo nikiwa kama wewe, akinisuka. Watu wamebeba mizigo toka Bagamoyo, wanafika hapa miguu imepasuka, vidole vimejaa funza. Mama yake ndiye aliyekuwa akiwatoa. Sindano yake ilikaa hapa, kwenye kilemba. Wanaume wazima, mwanangu, mtu kapita porini kwenye simba, lakini ukimgusa kidole anaruka."

"Sasa alifanyaje?"

"Alishika mguu tu. Sindano haitoi. Anauliza, njiani mlikula nini? Mama yako hajambo? Mvua kwenu imenyesha? Mwingine ataongea, mwingine atanyamaza. Yeye anangoja mguu uwe mzito."

"Mguu unakuwaje mzito?"

"Mguu ukiwa mwepesi, ujue mwenyewe bado anaushikilia. Anajiweka tayari kukimbia. Ukiwa mzito, amekuachia wewe." Bibi akaendelea kusimulia harufu ya nta na asali siku za soko, ngoma za wapagazi wakiwa wamelipwa, na namna bibi yake alivyowakumbuka mpaka anazeeka, si kwa sura, kwa miguu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Stela alisikiliza mpaka akasahau kilichomleta.

"Haya, vaa kiatu chako," bibi alisema.

Stela akatazama chini. Kucha zake zote za mguu ule zilikuwa zimekatwa, vipande vimekusanywa kwenye ukingo wa mkeka, na kikata kucha kimo mkononi mwa bibi.

"Bibi! Umekata saa ngapi?"

"Uliponiachia. Sasa umejua mguu unaoachiwa unajisikiaje. Chukua kikata kucha hiki, nenda kaanze na mguu ambao hamjauumiza. Ukate kidogo, kama punje ya mchele, usitafute nyama. Na siku mguu ukiwa mwepesi, usikate. Usimwibie."

Stela akaanza jioni hiyo hiyo. Alikaa juu ya ndoo yake, akaweka ugali uliochovywa mchuzi wa dagaa, Karanga akaja kwa kujivuta. Akamgusa mguu wa kushoto. Karanga akauvuta. Akamwachia. Akamgusa tena.

Majidi alichungulia juu ya ua. "We Stela, umefungua saluni ya mbwa? Mpake na hina basi, ana harusi?"

"Njoo nikulalie wewe na gunia!"

Majidi akacheka, akatoweka. Stela akamsimulia Karanga habari za babu. Alimkumbusha shamba letu, mawe ya njiani, shimo la panya pale kwenye mhogo. Hakujua kama mbwa anaelewa, ila masikio yalisimama aliposema "babu". Mguu ulibaki mwepesi.

Kesho yake pia, mwepesi. Kikata kucha kilikuwa mfukoni na mkono ulimwasha. Mara moja Karanga alisinzia kidogo na Stela akakitoa. Mguu ukashtuka, ukawa mwepesi kama unyoya. Akakirudisha mfukoni. Ijumaa jioni, begi la baba la safari likiwa limeshawekwa mlangoni, alikaa tena. Akasimulia tena. Giza lilikuwa linaanza kuingia aliposikia uzito. Ulikuja polepole, kama maji yanavyojaa ndooni, mpaka mguu wa Karanga ukalala wote kwenye kiganja chake.

Akakata ule wa pembeni kwanza, ule ndoana. Kak. Karanga akafungua jicho moja, akalifumba. Stela akakata zilizobaki za mguu ule, punje kwa punje. Aliposhika mguu wa kulia, wenye kidonda, ukarudi kuwa mwepesi. Akauacha.

Jumamosi alfajiri baba alisimama mlangoni, kamba mkononi. Stela alikuwa amempakata Karanga, kanga imewafunika wote wawili, mguu mmoja tu umejitokeza. Ule uliokatwa.

"Zimekatwa?" baba aliuliza.

Basi la Puge lilikuwa linangojwa. Baba asingefunua kanga.

"Mguu mmoja, baba. Na ule uliokaribia kuingia kwenye nyama. Mitatu bado. Wa kulia ulikuwa mwepesi, sikutaka kumwibia."

Baba hakuelewa mambo ya wepesi. Akachuchumaa, akaunyoosha mkono wake wenye grisi isiyotoka, akashika ule mguu wa kushoto. Karanga alimtazama, kisha akamwachia. Baba akaupima mkononi, juu, chini.

"Huyu aliyekuwa anakukimbia?"

"Ndiye."

Baba akasema, "Sikiliza, Stela. Jumanne ulimkamata kwa nguvu, ukapata damu na uongo. Siku hizi zote hukumdanganya, kwa hiyo amekuachia mguu wake. Nawe leo hukunidanganya, ingawa ungeweza. Kwa hiyo nami nakuachia mbwa wako. Kuaminiwa hakuvutwi kwa nguvu, na kukishakuja usikuchezee." Akaviringisha kamba, akaitia begini. "Mpaka umalize mitatu, Justini akitambaa, huyu afungwe nyuma. Sawa?"

"Sawa, baba."

Akaenda Puge peke yake.

Alirudi jioni hiyo hiyo, vumbi mpaka kwenye nyusi, anachechemea. Alikanyaga mwiba kwenye zizi la Limbu. Consolatha aliwasha taa, akatandika mkeka. Stela alileta sindano, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akauweka mguu wa baba mapajani, akaushika kwa chini, kama anapokea yai.

"Toa haraka, mwanangu, inauma."

"Mbuzi wa Limbu hawajambo, baba? Mvua imenyesha huko?"

"Mbuzi wamezaa," baba alisema, akajilaza. Akaanza kusimulia pacha wa mbuzi, mmoja mweupe, mmoja... Sauti ikapungua. Stela akangoja. Mwiba ulipotoka, baba alikuwa anakoroma.

Justini alikuwa ameshalala, kovu dogo shavuni. Stela naye akainamisha kichwa kwenye mkeka, mwiba bado kati ya vidole, akalala hapo hapo miguuni kwa baba. Consolatha alitaka kuwaamsha waingie ndani. Alikaa kwanza kidogo kuwatazama. Karanga akaja, akaweka mguu wake wa kushoto juu ya mguu wa Consolatha, bila kukwaruza, akajikunja.

"Mama," Consolatha aliniambia, gunzi la hindi mkononi, "nilikuwa nakumbuka baba na lile shamba, nikasikia mguu wangu unakuwa mzito. Baada ya hapo sijui, maana nililala."