Yordanka Ajiandaa kwa Upasuaji

Yordanka na mumewe, Radko, ni wakulima wa Bulgaria. Asubuhi Yordanka hukamua mbuzi. Radko hupasua kuni. Kisha hunywa kahawa pamoja uani, na zamani Yordanka alikuwa akivuta sigara yake hapo.

Mwaka huu daktari alimkuta Yordanka na saratani ya utumbo.

"Tumeiwahi," alisema. "Tutakufanyia upasuaji mwezi ujao."

Tangu siku hiyo Radko hakumruhusu mkewe kushika hata ufagio.

"Lala, mke wangu. Tunza nguvu zako."

Yordanka alilala. Alikula supu nyepesi tu. Alikonda, hata ngazi za nyumbani zikamshinda.

Siku moja jirani yao Vesela alikuja kumjulia hali. Vesela ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Shangazi, mchana wote huu kitandani? Nani kakufunga?"

"Muulize askari wangu huyo."

Radko alinuna. "Mgonjwa anapumzika. Kosa liko wapi?"

"Mjomba, upasuaji unauchosha sana mwili. Misuli isiyotumika inalegea. Mgonjwa akiingia na nguvu, mara nyingi anapona upesi zaidi. Muulizeni daktari. Akiruhusu, tutaanza taratibu."

Daktari aliruhusu. Yordanka akaanza kutembea kila siku, mwanzo hadi lango, baadaye hadi kanisani. Alijizoeza kuinuka kitini bila kujishika, na kuvuta pumzi ndefu ili mapafu yapate nguvu. Radko alimpikia mayai, maharage na samaki. Sigara, Yordanka aliiacha kwa manung'uniko.

"Bora mnikate utumbo mara mbili!" alisema.

Lakini siku moja, akitembea na Vesela, Yordanka alisimama katikati ya njia, machozi yakimtoka.

"Vesela, naogopa. Naogopa kulala nisiamke. Radko sijamwambia. Yeye ni chuma."

Radko alikuwa nyuma yao. "Chuma gani? Mimi nalia zizini kila asubuhi. Mbuzi wote wanajua!"

Yordanka alicheka huku analia. Wakakumbatiana palepale.

"Woga si aibu," Vesela alisema. "Mwambieni daktari wa dawa ya usingizi. Hospitali ina mshauri pia. Kazi yao ni kuwasikiliza."

Walikwenda. Daktari huyo aliwaeleza jinsi atakavyokaa kando ya Yordanka, akiangalia moyo na pumzi yake mpaka aamke. Usiku ule Yordanka alilala vizuri.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake wauguzi walimsaidia kusimama, akatembea ukumbini polepole. Radko alimfuata, mikono ameitandaza kama anayemdaka mtoto.

"Radko, nipishe! Wewe ndiye utakayeniangusha."

Wagonjwa wengine walicheka.

Daktari wa upasuaji alisema uvimbe wote wa saratani umeondolewa. Yordanka alirudi nyumbani, na ataendelea kupimwa. Siku hizi hutembea jioni na mumewe. Wakifika kwenye mlima, Radko ndiye anayeomba wapumzike.