Nani Amempa Mama Dawa?

Fundi alishona mshono, akaufumua. Akashona tena, ukaenda upogo. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, lakini masikio yalikuwa chumbani kwa mama mkwe wake.

Mwezi uliopita Mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na dawa kali za maumivu. Siku za kwanza alitania kila aliyeingia. Sasa alisinzia mchana kutwa. Jana alimwita Fundi kwa jina la dada yake mwenyewe Mama, marehemu wa miaka mingi.

"Ni uzee, dada," alisema Mwalimu, mke wa mdogo wa mumewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka shule. "Usijitie presha."

Uzee gani huo wa kuingia kwa wiki moja? Fundi hakuridhika. Aliinuka mara ya tano kwenda kuchungulia. Akamkuta Mama amesimama bila mkongojo, anayumba. Alimdaka kabla hajafika chini. Akivunjika tena, je, atainuka?

Alikuwa akimrudisha kitandani pale muuguzi alipopiga hodi. Alikuja kubadilisha bandeji. Alimpima Mama presha, akahesabu pumzi zake, akakunja uso.

"Nani anampa dawa?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Mimi," alisema Mwalimu, papo hapo.

Wakatazamana.

"Nampa saa kumi na mbili, asubuhi na jioni," alisema Fundi. "Wewe si unakimbizana na watoto wa watu?"

"Na mimi nampa saa moja. Wewe ukikalia cherehani, husikii la mtu!"

Fundi alimgeukia mgonjwa. "Mama, mbona hukusema?"

Mama alifumbua macho kwa shida. "Nikimkatalia mmoja, atasema nampenda mwenzake."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema muuguzi. "Dawa hii ikizidi, mzee husinzia, huchanganyikiwa, huanguka. Hata pumzi hupungua. Twendeni hospitali sasa hivi. Bebeni dawa zake zote, mpya na za zamani, hata za mitishamba."

"Na zile za usingizi, anazoweka Mama chini ya mto?" aliuliza Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Hizo ndizo za kwanza!"

Mama alilazwa siku mbili. Daktari alikagua mfuko mzima. Ya usingizi aliiondoa, ya maumivu akaipunguza. Aliwaonya wasiongeze wala kuacha dawa yoyote kwa akili zao. Muuguzi naye akawapangia utaratibu. Mtoaji awe mmoja kila wiki. Dawa zote zikae kopo moja. Mama akimeza tu, alama iwekwe kwenye karatasi ya ukutani. Dozi ikisahaulika, wasimpe mbili kufidia; waulize kwanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa zamu ya Mwalimu. Fundi ilimuuma, tusidanganyane. Asubuhi ya tatu alishindwa kujizuia. Alichukua kidonge na maji, akaingia chumbani.

Mama alikuwa ameketi, macho maangavu. Alinyoosha mkongojo wake hadi kwenye karatasi, juu ya alama ya Mwalimu.

"Nimeshameza," alisema. "Nawapenda wote, lakini mwili wangu ni mmoja. Ukitaka kunipa kitu, nipe mkono nitembee."

Fundi alikirudisha kidonge kwenye kopo, akampa mkono.