Kola za Uzi wa Kijani

Walikutana kwenye duka la vitambaa lililojaa watu, wote wawili wameshika jora moja jeupe.

"Dada, niachie. Nina haraka."

"Haraka ya nini, na kola yenyewe imepinda hivyo?"

Kijana akashika kola ya shati lake la kijivu, akacheka. "Nilishona mwenyewe."

"Ndiyo maana. Njoo kiwandani kwetu ujifunze. Hatuna bosi wa kukufokea."

Kweli hawakuwa na bosi. Mafundi tisa walikaa duara kila asubuhi wakagawana kazi kwa kukubaliana, na mgeni alijichagulia mlezi. Kwa kuwa hapakuwa na mkaguzi, kila fundi aliweka mshono mmoja wa rangi yake ndani ya kola, ili ajulikane. Kijana alichagua kijani. Mlezi, alimchagua yule dada. Wenzao wakambandika kijana jina: Kola.

"Umefika nyumbani, mwalimu wangu?" Kola alimpigia simu jioni.

"Nimefika. Umefunga madirisha ya kiwanda?"

"Nimefunga. Moyo ndio umebaki wazi."

"Acha maneno, shika sindano."

Lakini kola zake ziliendelea kupinda, na mwalimu hakuweza kumwambia. Akawa anawahi kazini kabla ya wote, anazifumua, anazishona upya na kurudisha ule mshono wa kijani. Alijiambia ni upendo. Katika sala alilipita jambo hilo upesi, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Baada ya miezi sita duara likamsifu Kola, likampa wageni wawili awalee. Akawafundisha alichojua. Mashati arobaini ya wauguzi waliyoshona wageni hao yakarudishwa, kola zote zimepinda.

"Zako zimenyooka, za wanafunzi wako zimepinda," alisema fundi mzee. "Umewaficha ujuzi, mwanangu. Mtu wa hivyo hatuwezi kukaa naye."

Kola alitazama mikono yake, haelewi. Mwalimu akasimama.

"Zilizonyooka nilishona mimi. Zote."

Laiti angekuwepo bosi wa kumwadhibu. Wenzake walimtazama tu. Kola akachukua koti lake.

"Kumbe miezi yote hii nilikuwa natembelea mikono yako," alisema, akatoka.

Wiki mbili Kola hakupokea simu. Mwalimu alisali bila kuruka neno, na hakupata nafuu. Siku ya kumi na tano simu ikalia.

"Njoo kiwandani. Lakini usiguse kitu."

Alimkuta kwenye cherehani. Kola ya kwanza ilipinda. Ya pili pia. Vidole vilimwasha mwalimu. Akaikalia mikono yake.

"Hapo umevuta kitambaa," alisema kwa sauti ndogo. "Kiache kiende chenyewe."

"Ungeniambia hivyo mwezi wa kwanza."

"Niliogopa utaniona mkali, uondoke. Nisamehe."

Kola alishona ya tatu polepole, akaigeuza. Ndani palikuwa na mshono wa kijani, na kando yake mwekundu, rangi ya mwalimu.

"Imepinda kidogo," alisema.

"Naona."

"Nikikuoa, utaniacha nikosee mbele yako?"

Mwalimu alitamani kuinyoosha ile kola, hata kwa kidole kimoja.

"Nitakuacha," akasema, mikono bado ameikalia.