Fundi Baridi na Kidoti cha Bluu

Fundi wa friji alikuwa akifunga mkoba wake wa vifaa huku akitafuna mkate. Watu wote walimwita Fundi Baridi. Baridi ilikuwa kwenye kazi yake tu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa moto. Aliongea haraka, aliendesha gari haraka, na alijibu maswali kabla hayajaisha.

Mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda, akimbadilisha mtoto wao mchanga nepi. Simu ya fundi ikaita. Alikuwa nesi wa zahanati ya mlimani.

"Fundi, friji ya chanjo imezima," alisema nesi. "Umeme upo, lakini friji kimya kabisa."

"Umeifungua?"

"Mara moja tu. Nimehamishia nusu ya chanjo kwenye kisanduku cha barafu, kikajaa. Nusu nyingine bado imo ndani."

"Basi usifungue tena. Hata kuchungulia usichungulie. Kipimajoto cha mlangoni kinasema ngapi?"

"Sita. Kikivuka nane, chanjo zile hatuwezi kuziamini tena. Na kesho ni kliniki ya watoto, fundi. Watakuja wengi."

Fundi Baridi akamtazama mtoto wake aliyekuwa akirusha miguu hewani. Kesho hiyo hiyo, kwenye zahanati hiyo hiyo, mtoto wake naye alitakiwa kuchanjwa.

"Nakuja sasa hivi," alisema.

Alipokuwa akitafuta ufunguo wa gari, mkewe akauliza, "Njia unaijua?"

"Mimi? Pale nimekwenda mara ngapi?"

"Umekwenda, au umepelekwa? Si huyo mke mwenzangu wa kwenye simu ndiye anayekuonyesha kila kona?"

Fundi akacheka. Kweli, sauti ya simu ilikuwa ya mwanamke, na kweli yeye alimtii kuliko alivyomtii mkewe. Aliichomeka simu mbele ya usukani, akaondoka.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kidoti cha bluu, alama ya mahali alipo, kilitembea juu ya ramani, na gari likatembea nacho. "Geuka kulia," ilisema simu. Fundi akageuka kulia. Hakutazama alikuwa anapita wapi. Ya nini kuchosha macho, na kidoti kipo?

Baada ya kituo cha mafuta, kidoti kikaruka.

Kiliruka hadi upande wa pili wa mji, kikatulia kidogo, kisha kikarudi. "Geuka kushoto," ilisema simu. Kushoto kulikuwa na ukuta. "Rudi ulikotoka," ilisema simu. Fundi akarudi. "Geuka kulia." Akageuka. Akajikuta kwenye uchochoro mwembamba, mbele yake rundo la matofali.

"Umefika," ilisema simu.

"Nimefika wapi?" fundi aliuliza kwa sauti.

Alirudi nyuma kwa shida. Akazima simu na kuiwasha. Labda bando limekwisha, aliwaza. Akanunua bando jingine. Bado. Akashuka, akaiinua simu juu ya kichwa, akageuka huku na huku. Kidoti kikatetemeka, kikaenda kutua katikati ya ziwa.

Alijaribu kwenda kwa kukisia. Alipita mbele ya saluni moja, akazunguka, akapita tena mbele ya saluni ile ile. Alipotokea mara ya tatu, mmoja wa wasusi akamwita.

"Kaka, kama unatafuta mchumba si useme tu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi akatabasamu kwa aibu, akakanyaga mafuta. Sasa kichwa kilikuwa kinamzunguka. Nyumba zote zilifanana. Njia zote zilifanana. Hakujua tena kama mlima uko mbele yake au nyuma yake.

Nesi akapiga tena.

"Umefika wapi, fundi? Kipimajoto kimefika saba."

"Nipo... simu inasema nipo ziwani."

"Ziwani? Unaogelea?"

"Nesi, sijui nilipo." Maneno hayo yalimchoma, lakini yalikuwa ya kweli.

"Unaona nini hapo?"

"Naona nyumba."

"Nyumba zipo kila mahali! Kwani hujawahi kupita huku?"

Alikuwa amepita. Lakini kila alipopita, macho yake yalikuwa kwenye kioo cha simu. Alijaribu kukumbuka hata mti mmoja, hata duka moja. Hakukumbuka kitu.

"Nina mgonjwa hapa," alisema nesi. "Tafadhali, muulize mtu!"

Kuuliza njia! Fundi Baridi hakupenda kuuliza njia. Lakini aliwafikiria wale watoto wa kesho, akamfikiria na wake, akaona ni bora kuimeza aibu.

Mbele kidogo, kando ya barabara, palikuwa na mwanamke mwenye kizibao cha kung'aa. Alikuwa ameketi juu ya boksi la vifaa, akimenya chungwa. Karibu naye kulisimama chombo chenye miguu mitatu. Alikuwa mpima ardhi. Fundi akasimamisha gari.

"Habari za kazi, dada."

"Kazi yenyewe iko wapi, kaka? Chombo changu kimegoma. Kimepoteza setilaiti."

"Hata simu yangu imechanganyikiwa. Na bando nimeongeza sasa hivi!"

Mpima ardhi akacheka. "Bando lako halina kosa. Ukipiga simu, si inaita?"

"Inaita vizuri."

"Basi mtandao upo. Mtandao unatoka kwenye minara ya hapa chini. Hiki ni kitu kingine. Huko juu sana, mbali kuliko mawingu, kuna setilaiti zinazotuma mawimbi ya redio. Simu yako inazisikiliza kadhaa kwa pamoja, inapiga hesabu, ndipo inajua iko wapi. Lakini mawimbi hayo yakifika huku chini ni dhaifu mno. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya uwanja. Akitokea wa kupiga kelele karibu nawe, utasikia?"

"Sitasikia. Na nani anapiga kelele leo?"

"Sijui. Wakati mwingine ni dhoruba kwenye jua lenyewe, huvuruga mawimbi. Wakati mwingine ni mtambo wa mtu unaoziba mawimbi. Kuna hata mitambo inayotuma mawimbi ya uongo, na simu inayaamini. Ofisini wameniambia mji mzima uko hivi tangu asubuhi."

"Sasa mbona simu haikuniambia kwamba haijui?"

"Mara nyingine husema. Mara nyingine hubahatisha. Wewe ukiulizwa njia usiyoijua, huwa unakiri?"

Fundi akajikuna kichwa. Akamweleza haraka habari ya friji, chanjo na kliniki ya kesho. Mpima ardhi akaliweka chungwa chini, akafuta mikono.

"Lete simu. Tazama, ramani bado imo. Kilichopotea ni kidoti tu. Sasa kidoti tutakiweka sisi wenyewe. Unaona nini?"

"Nyumba," alianza fundi, kisha akajizuia. Akatazama vizuri. "Naona kiwanda cha mbao. Naona njia panda. Na zile nguzo kubwa za umeme."

"Vizuri. Tafuta kiwanda cha mbao kwenye ramani."

Fundi akasogeza ramani kwa kidole. Akakiona. Akaiona na njia panda. "Kumbe tupo hapa!"

"Tupo hapo. Sasa igeuze ramani ielekee kama barabara inavyoelekea. Zahanati ni hii. Niambie utapita wapi."

"Nafuata nguzo za umeme. Nafika shule. Naingia kulia."

"Kulia?"

Fundi akainamisha kichwa upande, akatazama tena. "Kushoto."

"Kushoto. Shule ina ukuta wa kijani. Na ukiona daraja, ujue umepitiliza. Rudi. Nenda kaka, chanjo hazisubiri."

Fundi akaondoka, polepole safari hii. Nguzo za umeme zilikuwa upande wake wa kulia, naye alizitazama kana kwamba zinaweza kutoroka. Akaona duka la viatu. Akaona kisima. Vyote hivyo vilikuwapo siku zote.

Akafika shuleni. Ukuta ulikuwa wa njano.

Ameambiwa kijani! Je, ni shule nyingine? Amepotea tena? Mkono ulikwenda wenyewe kwenye simu. Kidoti kilikuwa bado ziwani. Akashusha kioo cha gari, akamwita mama aliyekuwa akifagia getini.

"Shikamoo mama. Zahanati ya mlimani ni huku?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ingia hapo kushoto."

"Mbona ukuta si wa kijani?"

"Wamepaka rangi mpya majuzi. Hujapita huku siku nyingi?"

"Nimepita mama, ila sikutazama," alisema fundi, akaingia kushoto.

Nesi alikuwa mlangoni. Hawakusalimiana hata. Kipimajoto kilikuwa kinakaribia nane. Fundi akapiga magoti nyuma ya friji, akafungua kifuniko, akanusa. Kifaa kidogo cha kuwashia kompresa, yaani mota ya friji, kilikuwa kimeungua. Alikuwa nacho kingine mkobani. Akakifunga, akachomeka waya.

Friji ikatetemeka, ikanguruma.

Wote wawili wakakaa sakafuni wakikitazama kipimajoto. Kilisimama muda mrefu, kisha kikaanza kushuka, bila kufika nane. Nesi akashusha pumzi.

"Nilishaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wale mama," alisema.

Nyumbani, fundi alimsimulia mkewe yote, hata ya saluni. Mkewe alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akauliza jambo moja.

"Na sisi je? Usiku mtoto akiugua, tukapiga simu ya kuomba gari la wagonjwa, nayo lokesheni ikawaonyesha kwamba tuko ziwani, tutasemaje tunapokaa?"

Wakatoka nje na mtoto mkononi, wakaitazama njia yao kana kwamba ni wageni. Walijaribu kuieleza, wakabishana, wakaanza upya. Hatimaye wakakubaliana. Unatoka barabara kuu kwenye mashine ya kusaga, unapita msikiti, geti letu ni jeusi, mkabala na karakana ya baiskeli. Wakarudia mpaka ikakaa midomoni.

Asubuhi fundi aliitazama ramani kabla ya kuwasha gari. Akamwambia mkewe vitu watakavyoviona njiani, kimoja baada ya kingine.

"Kidoti hakijarudi?" aliuliza mkewe.

"Kimerudi. Nitakitumia nikikwama. Lakini na macho yangu yana kazi."

Walifika bila kupotea, ingawa kwenye kiwanda cha mbao alisitasita kidogo. Zahanati ilikuwa imejaa kina mama na watoto. Nesi akasoma kipimajoto, akafungua friji, akatoa kichupa kidogo. Akamshika mtoto wa fundi paja, akamdunga.

Mtoto alimkodolea macho kwanza, kama anayejiuliza limetokea nini. Kisha akaachia kilio kilichofika hadi barabarani. Aliyefuata akalia, na wa tatu akalia, na wengine ambao hawajadungwa wakaitikia. Kina mama wakacheka, wakawapigapiga migongo.

Fundi Baridi alisimama karibu na friji iliyokuwa ikinguruma. Machozi ya furaha yalimlengalenga, na hakutaka hata mtoto mmoja anyamaze upesi.