Mkwe Alifunga Chelezo Ng'ambo, Akanipungia Mkono

"Mkwe! Mkweee! Niachie chelezo!"

Hakugeuka.

Akazungusha kamba kwenye nguzo mara ya kwanza... mara ya pili... mara ya tatu. Akakaza fundo kwa mikono miwili, kama anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Mimi nipo ukingo huu, yeye ukingo ule. Katikati ni mfereji mpana, maji meusi, chini huoni. Nyuma yangu uwanja wa majani tuliotoka kuupita kwa miguu ulikuwa umeanza kung'aa.

Maji yalikuwa yanaingia!

Na mkoba anao yeye. Simu yangu imo mkobani. Kadi yangu ya basi imo mkobani.

Nikapiga ukelele mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

Ndipo akageuka. Akaniangalia. Nikasema moyoni, haya, ameniona, sasa atafungua...

Akanipungia mkono!

Kama unavyompungia abiria usiyemjua kwenye dirisha la basi. Kisha akaenda zake.

Wajukuu zangu mnaonisoma, ameniacha na maji!

Wale mnaonifuata kwa ajili ya njia za kutembea mnanijua. Bibi Buti ndiye mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini njia naziandika vizuri: upande basi gani, ushuke kituo kipi, uvuke madaraja mangapi, tuta lipi lina bata bukini wakali, na urudie wapi. Huku kwetu kilima hakuna. Nchi imelala kama mkeka, maji kila upande. Sharti langu ni moja tu, njia ianzie kituo cha basi na iishie kituo cha basi. Gari sina.

Ila kilichokuwa kinanikaba nyumbani sikuwahi kuwaandikia.

Naishi kwa mwanangu. Tumo wanne: yeye, mkewe, mimi, na mama wa mkewe, ndiye mkwe wangu huyo. Alihamia kwetu mwaka jana baada ya kufiwa na mumewe. Tunalala chumba kimoja, kitanda changu kiko dirishani, chake kiko mlangoni.

Tulipatana. Tulicheka mpaka tukaambiwa tupunguze sauti!

Halafu siku moja sufuria tupu ikakutwa jikoni, moto unawaka chini, imekuwa nyeusi kama lami.

"Mama, ni wewe?" mwanangu akaniuliza.

"Sio mimi."

"Sasa ni nani? Paka?"

"Paka hatuna."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, Mama."

Wiki iliyofuata bomba likaachwa wazi, maji yakafika sebuleni. Kisha funguo za nyumba zikaonekana ndani ya kopo la unga.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Mkwe ana sabini na mmoja, amekuwa karani wa posta maisha yake yote, anaongea kwa vituo kama anasoma barua. Hapo nyie mngemdhania nani?

Basi kufuli likawekwa getini.

Mtu mzima mimi, naomba ruhusa kwenda kununua kiberiti! Nasimama kwenye geti nashika nondo, naangalia basi namba kumi na nne likipita na dereva ananipigia honi. Anadhani nimesimama kumsalimia.

Lakini baya kuliko yote, nilianza kujishuku. Kila nikitoka jikoni narudi kugusa jiko. Naenda, narudi. Naenda, narudi. Nikawa sijui tena kama akili ni yangu.

Mwisho mwanangu akaniwekea masharti.

"Jumatano tu. Na mama mkwe ataenda na wewe, akuangalie. Mkoba ashike yeye. Saa kumi na moja muwe ndani ya geti. Ukichelewa hata siku moja, Mama, kadi ya basi naichukua, na matembezi ndiyo basi tena."

"Sawa, mwanangu."

Sikubishana. Mimi ni mtu wa kungoja.

Mkwe akanikonyeza. "Usijali, nitakushika mkono kama mtoto wa chekechea."

"Ukinishika sana nitakupiga teke," nikamwambia.

Ndiyo hiyo Jumatano sasa.

Tulishuka kituo cha pampu ya zamani. Tuta refu la matete, madaraja matatu ya mbao, halafu uwanja wa majani wa chini, halafu mfereji wa chelezo. Ukishavuka, dakika kumi tu uko kituoni.

Chelezo chenyewe ni mbao zilizopigwa juu ya mapipa, kinabeba mtu mmoja mmoja. Kina kamba kila upande. Ukivuka wewe, mwenzako anakivuta kirudi. Lakini saa tisa honi inalia, lango la maji linafunguliwa, na ule uwanja wa majani unafunikwa. Kwa hiyo bango linasema hivi: honi ikilia, mtu wa mwisho kuvuka afunge chelezo upande wa kituo, upepo usikate kamba.

Mtu wa mwisho! Wekeni hilo akilini.

Siku hiyo tulichelewa, maana mkwe alisimama sana daraja la pili. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikamjibu. Baada ya hatua ishirini akaniuliza tena. Nikadhani ananitania.

Alitangulia kuvuka. Mguu wake ulipogusa ukingo wa pili, honi ikalia.

Akafunga.

Nilivuta kamba ya upande wangu mpaka viganja vikachubuka. Chelezo kilitikisika tu, hakikuja. Maji yakafika kwenye buti... yakapanda... yakaingia ndani ya buti.

Nikapanda juu ya jiwe la nguzo, nikasimama hapo kama kuku kwenye ukuta. Kuogelea sijui. Kurudi nyuma hakuna njia.

Nikaanza kupiga hesabu ya maneno ya mwanangu. Leo lazima nichelewe. Nikichelewa, geti limefungwa moja kwa moja. Na aliyenichelewesha ni nani?

Ahaa!

Kumbe anataka kitanda cha dirishani! Kumbe kila siku ananichekea usoni!

Nilikaa na sumu hiyo moyoni kwa muda ambao sijui ni mrefu kiasi gani. Ndipo nikaona baiskeli ng'ambo. Ni mtu wa lango la maji.

"Bibi Buti! Unafanya nini huko na honi imeshalia?"

"Nangoja harusi! Nifungulie, baba, nazama!"

Akatupa baiskeli, akainama kwenye nguzo.

"Huyu aliyefunga, kafunga kweli! Hili ni fundo la mtu wa mwisho."

"Mtu wa mwisho ni mimi! Yeye ni mkwe wangu, tulikuja wote!"

Akaacha kufungua kidogo, akaniangalia.

"Yule bibi wa sketi ya bluu? Nimempita kituoni sasa hivi. Mchana niliwaona kwa mbali mko wawili, nikamuuliza, mwenzako yuko wapi? Kaniambia kaja peke yake."

Peke yake!

Nilivuka. Nikaenda kituoni buti zinalia kwachu, kwachu, kwachu. Njia nzima napanga maneno. Nilikuwa na maneno ya kumtoa mtu machozi, wallahi.

Nikamkuta amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, magoti yamebanana. Basi letu lilikuwa limeshapita, na yeye hakulipanda.

Nikafungua mdomo...

Akanitangulia.

"Shikamoo, mama."

Mkwe hajawahi kuniamkia hivyo tangu tujuane.

"Umelowa," akasema kwa upole. "Pole. Umetoka mbali?"

Nikamtazama macho. Hakukuwa na ujanja ndani yake. Hakukuwa na mimi pia.

"Marahaba," nikasema taratibu. "Unangoja basi?"

"Limepita moja. Sikujua kama ndilo." Akasogea karibu, akashusha sauti kama anaona aibu. "Samahani, mama... wewe unajua kwetu ni wapi?"

Jamani.

Yale maneno yangu yote yalimwagika chini pamoja na maji ya buti.

"Napajua," nikamwambia. "Ni njia moja na mimi."

Nikakaa. Nikamshika mkono. Tukangoja basi la pili dakika arobaini, ananionyesha ndege kwenye waya, anawahesabu, anasahau, anaanza upya. Nami nahesabu naye.

Ndani ya basi, vituo vitatu mbele, akashtuka kama mtu aliyeamshwa.

"Mkwe! Mbona buti zako zinachuruzika?"

Amerudi.

Nikamweleza polepole. Chelezo. Fundo. Benchi. Hakunikatiza. Alikuwa anasokota ukanda wa mkoba.

Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Sufuria ni mimi."

"Nini?"

"Sufuria. Na bomba. Funguo sikumbuki, lakini nazo nadhani ni mimi. Niliona mkono wangu una unga."

"Na ukanyamaza?"

"Walikuwa wameshasema ni wewe."

Wajukuu, hapo ndipo palipouma. Kwenye chelezo alikuwa hajui. Lakini miezi minne ya kufuli alikuwa anajua!

"Usiwaambie, mkwe. Watanifungia."

"Na mimi walinifungia wapi? Bustanini?"

Akalia bila sauti. Sikumwambia sawa, wala sikumwambia hapana. Nilitazama nje, mifereji inapita mmoja baada ya mwingine, nikawaza kwamba neno moja tu likinitoka, geti langu liko wazi. Na lake limefungwa.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mwanangu amesimama getini, kufuli mkononi. Mkewe nyuma yake.

"Mama. Tulikubaliana nini?"

"Saa kumi na moja."

"Basi. Kadi."

Nikaichukua kadi mkobani, nikamwekea kiganjani. Nilimwangalia mkwe tu. Nilingoja, kama ninavyongoja basi.

Mwanangu akaitia kadi mfukoni. Geti likaanza kufungwa... likalia kilio chake kile...

"Mrudishie."

Sote tukageuka.

"Mrudishie mama yako kadi," mkwe akasema, kwa ile sauti yake ya posta. "Sufuria nilisahau mimi. Leo nimemfungia chelezo, nikamwacha kwenye maji. Nilisahau kwamba nimekuja naye. Mnamchunga mtu asiyehitaji kuchungwa, na mchungaji ndiye mgonjwa."

Mke wa mwanangu akaweka mkono mdomoni. "Mama, unasema nini?"

"Nasema nikiwa nakumbuka. Kesho sijui."

Mwanangu alinitolea kadi bila kuniangalia usoni. "Mama... nisamehe."

"Nitakusamehe. Sio leo, leo nina miguu ya baridi."

Lakini sikieni mwisho wake. Kesho yake, walipotoka kwa daktari, mwanangu huyohuyo akachukua kufuli lilelile, akasema sasa walau tunajua ni la kumfungia nani!

Nikamzuia pale pale getini.

"Kufuli hilo mimi nalijua kwa ndani. Halimkumbushi mtu kitu. Linamfundisha kunyamaza tu. Yeye alificha kwa sababu aliona mlivyonifanya mimi."

Kisha akaenda kulitupa kwenye ndoo ya vyuma.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesahau, msimkimbilie na ufunguo. Kaeni naye, muulizeni, mpelekeni kwa daktari. Na msidhani ni yule mwenye mvi nyingi.

Siku hizi mkwe anavaa shingoni karatasi yenye namba ya simu ya mwanangu, na jiko anawasha akiwa na mtu. Kitanda cha dirishani nimempa mimi mwenyewe, maana anapenda kuhesabu ndege. Mtu wa lango alituongezea mapipa mawili, sasa chelezo kinatubeba wote. Fundo nafunga mimi.

Na kila Jumatano, tukifika katikati ya maji, ananishika kiwiko.

"Mkwe, tumeshawahi kupita hapa?"

"Hapana," namwambia. "Ndiyo mara ya kwanza."

Anaangalia matete, anaangalia maji, anatabasamu.

"Pazuri! Tutakuja tena?"

"Jumatano."