Akidi ya Mashine Tatu

Kwa nje, mlinzi alifunga kufuli la Solex. Kacha!

Nyamizi hakugeuka. Alijua amefungiwa.

Ndani ya kontena la chuma, pembezoni mwa machimbo ya Rwamgasa, walibaki wawili tu: yeye na George. George alivaa suti ya bluu na viatu vya kung'aa, kana kwamba vumbi la Geita lilimwogopa. Mkononi alikuwa na bastola, Glock 19.

"Asubuhi nimeikuta simu yako ya pili, Martina," alisema. "Au nikuite afisa?"

"Niite fundi. Ndiyo kazi uliyoniajiri."

"Basi maliza kazi."

Kwa wiki tatu Nyamizi, jasusi wa miaka kumi na mmoja kazini, alikuwa Martina, fundi wa mitandao. Alifunga nyaya, akapanda minara, akala ugali na walinzi. Alikuwa amebakiza siku moja tu ya kukusanya ushahidi. Siku moja!

Saa yake ya Casio ilisema saa tatu na dakika arobaini na moja.

Saa nne kamili George angerusha hewani jukwaa jipya la mawasiliano. Redio zote za ulinzi wa migodi, kutoka Geita hadi Shinyanga, tayari zilipita kwenye mashine zake. Kilichobaki ni amri moja ya kuzinyamazisha. Dakika hiyohiyo msafara wa dhahabu ungekuwa porini, na watu wenye bunduki wangekuwa wanausubiri.

Msafara ulikuwa na askari sita. Mmoja wao aliitwa Ndaki. Ndaki alikuwa mdogo wake Nyamizi, tumbo moja, na George hakulijua hilo.

Nyamizi aliogopa. Hata hivyo aliendelea kuandika kwenye kompyuta yake ya ThinkPad.

"Usijaribu ujanja," George alisema, akionyesha kamera juu ya meza. "Kila herufi unayoandika, bosi wangu anaisoma."

Spika ikakohoa. "Ninaisoma," ilisema sauti ya mgeni, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. "Na ukizima mashine ya hapo, nitamaliza mwenyewe kupitia zile mbili."

Hapo ndipo mtego ulipobana. Mfumo ule haukukaa mahali pamoja. Ulikuwa na vichwa vitatu: mashine moja humu kontenani, ya pili Kharumwa, ya tatu Kambarage mjini Shinyanga. Programu zilifungwa kila moja kwenye kijiboksi chake, na kijiboksi kimoja kikifa, vichwa viliinua kingine kabla hujapepesa macho.

Ila vichwa vile vilifanya kazi kama kamati ya shule. Wajumbe watatu. Wakiwepo wawili, akidi imetimia, amri inapita. Akibaki mmoja, hata awe mwenyekiti mwenye muhuri, hapitishi kitu. Kinachoendelea kinaendelea, amri mpya haipokelewi.

Nyamizi alihitaji kuua viwili. Mkononi alikuwa na kimoja.

Saa tatu na hamsini.

"Kharumwa haijathibitisha," ilisema spika. "Taa ya kule ni ya kijani?"

"Lazima nimpigie mwenye nyumba," Nyamizi alisema. "Mashine iko stoo kwake."

Mama Mbuke alikuwa na duka la pembejeo Kharumwa: mbegu, dawa za pamba, majembe. George alimpangisha stoo bila kumchunguza. Aliona kitenge na mizani, akaridhika. Hakujua kwamba jioni moja Nyamizi alikaa na mama huyo, wakapatana jambo.

"Kila nikikupigia nitakuamkia, mama. Siku nisipokuamkia, ujue nimeshikwa. Kata swichi kubwa, kisha mpigie mwenzangu Zulfikar, Kambarage."

George alibonyeza namba mwenyewe. Akaweka sauti kubwa, akaigusisha Glock kwenye shingo ya Nyamizi.

"Sikia. Sitaki salamu zenu za kwenu, mhola sijui nini, nusu saa. Uliza taa. Basi."

Nyamizi alitaka kucheka. Alikuwa anawaza ataachaje kuamkia bila kushtukiwa, na mtu wa haraka amemkataza mwenyewe!

"Haloo?" Sauti ya Mama Mbuke.

"Taa ya mashine ni ya kijani?"



"Martina? Wewe mtoto, leo huniamkii?"

Nyamizi aliwaza: Amesahau. Mama amesahau!

"Mama, hatuna muda!" George alifoka. "Taa!"



"Ya kijani, baba," alisema Mama Mbuke polepole. Simu ikakatika.

Saa tatu na hamsini na tano. Hakuna kitu.

Hamsini na saba. Hakuna kitu. Nyamizi alimwona Ndaki wa miaka saba, akimfuata nyuma kwenda kuchota maji.

Hamsini na nane.

Kwenye skrini, Kharumwa ikawa nyekundu.

"Nini hiki?" George aliruka.

"Endelea," spika ilisema. "Viwili vinatosha. Niko tayari kutoa amri."

Karibu na kiwiko cha Nyamizi palikuwa na chupa ya chai ya George, wazi, ikifuka moshi.

Chai yote ikaenda usoni mwa George.

Alipiga yowe. Nyamizi alirukia ukutani, akavuta chini mkono wa swichi kuu, ule unaokata umeme wa laini na wa betri kwa pamoja. Aliufunga mwenyewe wiki iliyopita.

Giza.

Glock ililia. Risasi ikagonga chuma, ikarudi, ikagonga tena. George alijitupa sakafuni kwa kuiogopa risasi yake mwenyewe. ThinkPad ilimkuta hukohuko kisogoni. Mara moja ikatosha.

Nyamizi alipapasa. Bastola. Simu. Na redio ya Motorola kiunoni mwa George, iliyowekwa kwenye chaneli ya msafara ili asikie itakavyonyamaza.

Saa nne kamili.

Joto lilianza kupanda. Jasho likamwingia machoni. Redio ilikuwa kimya.

Saa nne na dakika moja.

"Ndaki," alinong'ona. "Sema kitu, mdogo wangu."

Redio ikakwaruza.

"Msafara kwa kituo. Onyo la Kambarage tumelipata. Tumeona lori limeziba barabara mbele. Tunageuza. Tuko salama, wote sita. Ova."

Nyamizi aliketi juu ya sakafu ya moto, akalia. Wala hakujificha.

Kisha akafuta uso, akapiga simu.

"Zulfikar Spea, Kambarage."

"Gari langu limezimika Rwamgasa," Nyamizi alisema kwa fumbo lao.

"Fundi yuko njiani. Mama ameshatupigia. Dakika ishirini."

George alizinduka. "Mwambie mlinzi afungue! Tutakufa kwa joto!"

"Ulimwambia asifungue mpaka saa tano. Mwache afanye kazi yake."

Polisi walikata kufuli kwa grenda. Mlinzi alikuwa ameshatimua mbio. Nyamizi aliwakabidhi Glock, Motorola na George, kwa mpangilio huo, akatoka juani akiwa ameloa chapachapa.

Alipiga tena simu, akitembea taratibu kuelekea Land Cruiser ya polisi.

"Shikamoo, Mama Mbuke."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Hiyo ni ya ile simu ya kwanza," alisema mama. "Ya sasa iko wapi?"

Nyamizi alisimama katikati ya vumbi.

"Shikamoo, mama."